Mgeni Asiye na Mwenyeji

Ugeni ni jambo la watu wawili. Mmoja ametoka kwake akaja. Wa pili yuko kwake, akapokea. Akikosekana mmoja wao, jina la ugeni hubatilika. Asiyepokewa na mtu ni mpita njia tu, na asiyefikiwa na mtu ni mkaa pweke. Katika Kiswahili neno mwenyeji lina uzito kuliko neno mwenye nyumba, kwa kuwa mwenye nyumba aweza kuwa na hati na funguo na asiwe na lolote la kumpa mgeni, na mwenyeji aweza kuwa mpangaji wa chumba kimoja, akawa mwenyeji kamili kwa kata ya maji na mkeka uliokung'utwa. Basi lafaa kuulizwa swali ambalo zamani lingalidhaniwa kuwa la mzaha. Je, mtu aweza kuwa mgeni mahali pasipokuwa na mwenyeji? Na ikiwa aweza, ile kazi ya mwenyeji, ambayo ni nusu ya jambo lenyewe, humwangukia nani?

Swali hili lina nyumba yake. Wales, nchi ya milima na mvua iliyo upande wa magharibi wa kisiwa cha Uingereza, ina nyumba nyingi za mashambani zinazopangishwa kwa juma moja moja kwa jamaa wanaotoka mijini kwa likizo. Wapangaji wa nyumba hizo hujipikia, hujitandikia na hujiwashia moto wenyewe. Zilizo kubwa hulaza watu kumi, kumi na wanne, na pengine ishirini. Aghalabu nyumba ya namna hii ilikuwa maskani ya mkulima pamoja na ghala lake la nyasi kavu na zizi lake. Kuta zake ni za mawe, nene kiasi ambacho mtoto aweza kuketi katika kizingiti cha dirisha akasoma kitabu. Paa lake ni la mawe membamba ya kijivu yaliyopasuliwa katika machimbo ya milima ile ile. Ghala limekuwa chumba cha kulia chenye meza ndefu, na mahali palipofungwa ng'ombe pamepangwa vitanda vya watoto, kimoja juu ya kingine. Uani husimama motokaa nne au tano.

Jamaa hufika siku ya Ijumaa au Jumamosi, saa kumi alasiri. Hakuna anayesimama mlangoni. Ukutani pana kisanduku kidogo chenye namba za siri. Zikipangwa sawasawa kisanduku hufunguka, na ufunguo umo ndani. Mezani pana daftari linaloeleza jinsi ya kuwasha jiko, mahali pa kufungia maji, takataka ipi hutiwa katika pipa lipi na siku gani gari la taka hupita, kwamba mbwa wasiachwe mbele ya kondoo, na kwamba kila lango la shamba lifungwe nyuma ya apitaye. Kando ya daftari mara nyingi huwekwa chupa ya maziwa, majani ya chai, na mkate mtamu wa zabibu kavu ambao watu wa huko huuita bara brith. Mkate huo ndio mabaki ya mwenyeji. Yeye mwenyewe huenda akawa yuko London, au ni kampuni, au ni jirani aliye ng'ambo ya shamba; daftari halisemi.

Mtu wa pwani ya Afrika ya Mashariki akielezwa desturi hii kwa mara ya kwanza huenda akacheka, akasema kwamba kufika mahali usipokewe si safari, ni msiba. Kicheko hicho kingekuwa cha haraka. Yafaa kwanza kutazama watu hao wamekimbia nini, na wamekuja kutafuta nini.

Walichokimbia ni mwenyeji mbaya. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya likizo yenye mshahara mwaka wa 1938, na vita vilipokwisha mwaka wa 1945 wafanya kazi wengi waliokuwa hawajapata kuona bahari ila kwa siku moja walikwenda kukaa juma zima katika miji ya pwani. Walilala katika nyumba za kupokea wageni, na habari za mama wenye nyumba hizo zimebaki katika mizaha ya taifa lile hata leo: mgeni atoke baada ya chai ya asubuhi, asirudi kabla ya saa ya chakula hata mvua ikinyesha, watoto wasikimbie ngazini, atakayechelewa atakuta mlango umefungwa. Mwenyeji ni mtawala mdogo. Hutoa, na kwa kuwa hutoa huamuru. Mtu aliyeamriwa kiwandani majuma hamsini hana hamu ya kuamriwa katika juma la hamsini na moja na mwanamke mwenye kipande cha sabuni na orodha ya makatazo. Nyumba ya kujipikia ilimwahidi uhuru wa kula ajapo na njaa na kulala ajapo na usingizi, na ahadi hiyo haikuwa ndogo.

Walichokuja kutafuta ni kizito zaidi. Nyumba za miji ya Uingereza ni finyu, na jamaa wametawanyika. Babu na bibi wako katika mji mmoja, mtoto wa kwanza yuko Birmingham, wa pili yuko London, wa tatu ameoa Scotland. Hakuna miongoni mwao mwenye nyumba iwezayo kuwalaza wote usiku mmoja, wala meza iwezayo kuwakusanya bila ya wengine kula wamesimama. Bibi atimizapo miaka sabini, au mjukuu azaliwapo, au mzee azikwapo na waliobaki wakataka kuonana mahali pasipokuwa makaburini, hukodi nyumba kubwa ya shamba kwa siku saba. Watoto wa ndugu huonana hapo, hupigana na kupatana. Mtu wa Afrika ya Mashariki asiyekuwa na nyumba kubwa mjini bado ana mahali anapopaita kwao, na huko hakodi. Hubeba sukari na sabuni, akaenda. Mwingereza wa siku hizi hukodi kwao. Hulipa kwa juma moja kitu ambacho wengine wamerithi bila ya kukithamini, na katika hilo hastahili kuchekwa.

Kwa hiyo jambo lenyewe lina wema ndani yake. Taabu ni kwamba kazi ya mwenyeji haikufutika kwa kuondolewa mwenyeji. Chakula bado chatakiwa kupikwa, vitanda bado vyatakiwa kutandikwa, na kijiji bado chatakiwa kuwa kijiji ili mtu aone faida ya kukizuru. Kodi ya juma hulipia mawe na paa. Hayo mengine hulipwa na watu ambao majina yao hayamo katika mkataba.

Wahenga walisema kwamba mgeni ni siku mbili, na siku ya tatu apewe jembe. Watu wengi huisoma methali hii kama maneno ya kumfukuza mgeni kwa adabu. Yamkini ina maana bora kuliko hiyo. Anayepewa jembe amekwisha kuwa mtu wa nyumba. Aibu yake imevuliwa, na mkono wake sasa una haki katika chungu. Lakini tazama siku mbili za kwanza. Katika siku hizo mgeni hakupewa jembe, na siku hizo ndizo pumziko lake. Nyumba ya kujipikia humpa mgeni jembe mlangoni, saa kumi ya siku ya kwanza, kabla hajavua viatu. Tena haimpi kila mgeni. Ukumbini pana watu kumi na wanne, na jembe ni moja.

Hesabu ni nyepesi. Watu kumi na wanne, milo mitatu kwa siku, siku saba: ni sahani 294, bila ya kuhesabu vikombe vya chai, ambavyo katika nchi ile havihesabiki. Mpishi yuko katika jiko asilolizoea. Visu ni butu, kwa kuwa nyumba ya watu wengi haina mtu wa kunoa; sufuria kubwa haina kifuniko; chumvi ilisahauliwa, na duka liko maili nne. Mtoto mmoja hali mayai, mwingine hali nyama. Nje mvua imeanza. Nani basi amesimama mbele ya jiko? Mara nyingi ni yule yule aliyesimama mbele ya jiko juma lililopita kwake, na atakayesimama hapo juma lijalo. Tofauti ni kwamba kwake alipikia wanne. Wanaume wa nyumba si wavivu hata kidogo: wanapasua kuni, wanapanda mlima, wanawafundisha watoto kurusha mawe juu ya maji. Na jioni moja, mvua ikikatika, mmoja wao huchoma nyama uani juu ya makaa, akasifiwa kwa kazi hiyo hata siku ya kuondoka.

Aristotle alifundisha kwamba watu hushughulika ili wapate wasaa, na kwamba wasaa ni bora kuliko shughuli. Ni neno la hekima, na watumwa ndio waliopika chakula cha waliolisikiliza. Tangu siku zake hata leo swali la wasaa limebaki pale pale. Pumziko la mtu mmoja, likifukuliwa msingi wake, huonyesha mgongo wa mwingine. Katika nyumba ya likizo mgongo huo ni wa mtu apendwaye, na hilo ndilo linaloufanya usionekane. Mtumishi akichoka hudai mshahara. Mama akichoka huambiwa kwamba amependeza leo, kisha huulizwa chakula cha usiku ni nini. Wala yeye mwenyewe hakubali kwa urahisi kuitwa mwenye kudhulumiwa. Ameona wanawe na wajukuu wake katika meza moja, na furaha yake ni ya kweli. Ndiyo sababu jambo hili ni gumu kuliko dhuluma ya kawaida: mtu aweza kutoa kwa moyo kitu ambacho wengine hawakuwa na haki ya kukipokea bila ya kuuliza.

Hapana budi kutaja kwamba zipo jamaa zinazogawana. Kila nyumba ndogo katika ukoo hushika siku moja: leo wa Birmingham hupika na kuosha, kesho wa London, na bibi mwenye miaka sabini hashiki siku yoyote. Bibi huyo ndiye mgeni wa kweli katika nyumba nzima, kwa kuwa yeye peke yake amepata mwenyeji. Wengine wamekuwa wenyeji na wageni kwa zamu. Hapa nyumba isiyo na mwenyeji imezaa wenyeji sita, na pengine ndiyo sura njema kabisa ya desturi hii. Haitokei yenyewe. Sharti mtu mmoja aseme neno kabla ya safari, na mara nyingi neno hilo huonekana la uchoyo mpaka litakapozoewa.

Baada ya mpishi yupo mtu wa pili, ambaye wageni hawamwoni kabisa. Wapangaji hutoka saa nne asubuhi ya Jumamosi. Wengine huingia saa kumi. Kati ya hapo pana saa sita. Katika saa hizo vitanda kumi na vinne huvuliwa mashuka na kuvikwa mengine, vyoo na mabafu husuguliwa, majivu huzolewa mekoni, alama za vidole vya watoto hufutwa katika vioo, mkate mpya wa zabibu huwekwa mezani. Anayefanya hayo ni mwanamke mmoja au wawili wa vijiji vya jirani. Jumamosi ndiyo siku ambayo watoto wake hawaendi shule, lakini ndiyo siku ya kazi, maana wageni wa nyumba zote hubadilishana siku ile ile. Kazi yake ina sharti la ajabu: huhesabiwa kuwa njema isipobakiza dalili kwamba imefanywa na mtu. Unywele mmoja juu ya mto humpunguzia sifa. Wapangaji wanapoingia hustaajabu jinsi nyumba ilivyo safi, kana kwamba usafi ni tabia ya mawe.

Mwanamke huyu ndiye mwenyeji aliye karibu zaidi na maana ya neno. Ametandika kitanda cha mtu asiyemjua, na amewaza kama mtoto mchanga atapata blanketi ya pili. Saa zimepangwa hivyo kwamba yeye na mgeni wasionane. Mwenye kutetea mpango huo atasema kwamba hakuna aliyekusudia kumficha, ni ratiba tu. Ni kweli. Ratiba ina uwezo wa kutenda mambo ambayo mtu mwungwana angeona haya kuyatenda kwa mkono wake.

Mtu wa tatu ni kijiji kizima, na hapa jambo latoka katika mambo ya adabu na kuingia katika mambo ya haki. Upande wa kaskazini magharibi ya Wales pana mkoa uitwao Gwynedd, na ndani yake rasi ya Llŷn, nchi ya kondoo, pepo za bahari na lugha. Hesabu ya watu ya mwaka wa 2021 ilionyesha kwamba katika Wales nzima watu wenye umri wa miaka 3 na zaidi waliosema kwamba wajua kuzungumza Kiwelsh walikuwa asilimia 17.8, katika Gwynedd walikuwa asilimia 64.4. Lugha ile basi ina ngome chache, na hiyo ni mojawapo ya zilizo imara. Kwa ajili ya bahari yake na milima yake, ni mahali pale pale ambapo watu wa miji ya Uingereza hupenda kununua nyumba za likizo, wengine kwa kukaa wenyewe majuma machache katika mwaka, wengine kwa kupangisha. Bei ya nyumba hufuata mfuko wa mnunuzi aliye mbali. Kijana wa kijiji mwenye mshahara wa kijiji hushindwa kununua nyumba iliyo ubavuni mwa aliyozaliwa, akahamia mji mwingine na lugha yake kinywani.

Wanaojali maisha ya Kiswahili wataelewa upesi kwa nini nyumba ni jambo la lugha. Lugha hukaa katika kaya. Husikika mlangoni, uani, mtoto anapokatazwa na mtoto anapobembelezwa. Nyumba inayobadilisha jamaa kila juma haina mtoto wa kufundishwa neno. Katika kijiji cha Abersoch, kilicho maarufu kwa wageni wa bahari, palikuwa na shule ya msingi iliyofunguliwa mwaka wa 1924. Ilifungwa mwishoni mwa mwaka wa 2021 ikiwa na wanafunzi wasiofika kumi. Hakuna tukio la namna hii lenye sababu moja. Uzazi umepungua, na vijana hufuata kazi. Lakini mtu aliyetembea kijijini mwezi wa Januari na kuona madirisha yenye giza, nyumba baada ya nyumba, hakuhitaji kuelezwa kwa marefu.

Hasira ilikwisha kuzuka zamani. Tangu Desemba 1979 hata mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu waliojificha kwa jina la Meibion Glyndŵr, yaani wana wa Glyndŵr, aliyeongoza uasi wa Wales mwaka wa 1400, walichoma moto nyumba za likizo. Mashambulio yalizidi 200. Moto ni hoja ya mtu aliyekata tamaa ya kusikilizwa, na haumwachi anayeuwasha akiwa safi. Nyumba iliyoungua haikumpa kijana wa kijiji mahali pa kulala. Jibu lililofuata kwa njia ya sheria lilichelewa sana, nalo ni la kodi. Aprili 2023 halmashauri za Wales ziliruhusiwa kuongeza juu ya kodi ya nyumba za pili nyongeza ifikayo asilimia 300, na halmashauri ya Gwynedd ikaweka nyongeza ya asilimia 150. Wakati huo huo, nyumba ya kupangishwa kwa wageni, ili ihesabiwe kuwa biashara na iepuke kodi hiyo, ilitakiwa iwe imepangishwa hasa kwa siku 182 katika mwaka, badala ya siku 70 za hapo kwanza.

Sheria hiyo ina busara yake: nyumba isiyolala mtu ni hasara kwa wote. Walakini yadhihirisha pia mpaka wa hesabu. Siku 182 ni nusu ya mwaka. Nyumba iliyolala watu siku hizo zote, hata ikalala watu siku 300, imewapokea watu wengi, na hakuna mmoja wao ambaye ataimba katika kwaya ya kanisa, atakayesukuma gari la jirani katika theluji, wala atakayebeba jeneza. Mgeni mwema hutimiza mengi. Kuzika si mojawapo. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka wa 1795 juu ya amani ya kudumu, alitenganisha haki ya kuzuru na haki ya kukaa. Kila mtu ana haki ya kufika katika nchi ya wengine asitendewe uadui, kwa kuwa dunia ni duara na watu hawawezi kutawanyika bila ya mwisho. Lakini kukaa kwahitaji mapatano na wenyeji. Kisha akawalaumu watu wa Ulaya wa zama zake kwa kugeuza kuzuru kuwa kuteka. Watu wa Afrika ya Mashariki waliyaona hayo kwa macho yao karne moja baadaye. Mpangaji wa juma moja katika Wales si mtekaji, na kumwita hivyo ni kutia chumvi. Hata hivyo wazuru elfu waliofuatana bila ya kupisha waweza kuchukua nafasi ya mkaazi mmoja, ingawa hakuna hata mmoja kati yao aliyekusudia kukaa.

Upande wa pili wastahili kusikizwa, nao una nguvu. Si kila nyumba ya likizo ilinyang'anywa kijana. Maghala mengi yalikuwa yanaanguka. Tangu mwaka wa 1965 shirika liitwalo Landmark Trust, lililoanzishwa na John Smith na mkewe Christian, limekuwa likiokoa majengo ya kale ya Uingereza yaliyokuwa karibu kubomoka na kuyapangisha kwa watu wa likizo, na kodi yao huyatunza. Halina desturi ya kuweka televisheni ndani yake, jambo ambalo watoto hulilalamikia siku ya kwanza na kulisahau siku ya tatu. Tena mkulima wa kondoo milimani hapati riziki ya kutosha kwa sufu na nyama. Ghala lake likigeuzwa nyumba ya wageni, ndilo linalomwezesha kubaki mkulima. Mwaka wa 2001 ugonjwa wa miguu na midomo ulipoingia Uingereza, wanyama zaidi ya milioni 6 walichinjwa, na njia za mashambani zikafungwa. Ndipo watu wengi walipotambua kwamba shamba halikuwa likiishi kwa mifugo peke yake. Vyumba vilikuwa vitupu, na maduka na mahoteli yaliona njaa pamoja na mkulima. Anayetaka wageni waondoke wote sharti aseme nani atanunua mkate wa mwokaji.

Walakini hata hapo neno mgeni halijajitosheleza. Jamaa nyingi huagiza chakula chote katika duka kubwa la mjini, na gari la duka hilo hufika nyumbani karibu pamoja nao. Duka la kijiji huuza walichosahau: maziwa na gazeti. Jina la nyumba, lililoandikwa mlangoni kwa Kiwelsh tangu siku za mababu, huonekana gumu, na wanunuzi wengine wamelibadilisha kwa jina jepesi la Kiingereza. Hayo ni mambo madogo. Mtu aliyezuru mahali juma zima asijue kutamka jina la nyumba aliyolala hakuzuru pale, alizuru mandhari.

Desturi hii haiko Wales peke yake, na msomaji wa pwani ya Kenya hana haja ya kusafiri mbali. Shela, kijiji cha kisiwa cha Lamu, kina nyumba za mawe zilizonunuliwa na watu wa Ulaya, zikatengenezwa kwa uzuri, na zikapangishwa kwa wageni. Huko mara nyingi mpishi na mtumishi wa nyumba hufuatana na kodi, kwa hiyo mgongo unaobeba pumziko waonekana wazi na hupata mshahara. Hilo lina ubora wake na lina ubaya wake. Nyumba za mawe za Lamu zilikuwa na sabule, chumba cha mgeni kilichowekwa mbali na faragha ya ndani, ili mgeni akirimiwe na wenye nyumba wasifunuliwe. Mjenzi wa sabule alijua kwamba mgeni na mwenyeji wanahitaji ukuta kati yao, na mlango katika ukuta huo. Nyumba inayopangishwa nzima imekuwa sabule toka msingi hata paa. Ukuta umebaki, na upande wa pili hapana mtu.

Basi mpangaji ana deni gani, naye amekwisha kulipa fedha zake? Wapo watakaosema hana. Alitangaziwa bei, akailipa, na mkataba umekwisha. Hoja hiyo ingesimama kama fedha zingewafikia wote waliomkaribisha. Hazimfikii mpishi, kwa kuwa ni mkewe au mama yake. Humfikia msafishaji kwa sehemu ndogo. Kijiji hufikiwa kwa njia ya kodi, ikiwa mwenye nyumba hakuikwepa. Ilipobaki deni, mdaiwa ni yule aliyepumzika, hata kama hakuna anayekuja kumdai. Na deni la namna hii halilipwi kwa fedha zaidi tu. Mtu aliyeshika siku yake ya kupika amelipa sehemu, na aliyenunua nyama kwa mchinjaji wa kijiji amelipa sehemu, na aliyejifunza kusema asubuhi njema kwa Kiwelsh, ijapokuwa kwa ulimi mzito, amelipa kidogo pia. Mwenye nyumba naye ana lake, na ni kubwa kuliko yote hayo. Aliyenunua nyumba ambayo kijana wa pale angeikalia amejitwisha wajibu ambao mkate wa zabibu hauwezi kuufunika, na sheria ina haki kabisa ya kumfanya aulipe.

Yapo mashamba ambayo mwenye nyumba hakuhama. Amegeuza ghala, naye yu ng'ambo ya ua katika nyumba yake ya siku zote, mbwa wake wakilala kizingitini. Kodi yake ni ile ile ya wengine, na wageni hujipikia vile vile. Lakini jioni ya kwanza huvuka ua akiwa na mayai katika kofia, akauliza kama jiko limewaka. Mwezi wa Aprili, kondoo wakizaa, watoto huitwa usiku na kofia zao kwenda kutazama. Wakikosea lango huambiwa wamekosea. Mtoto huuliza jina la mlima, huambiwa, hulirudia vibaya, husahihishwa. Na Jumamosi saa nne, motokaa zikiwa zimepakiwa, kuna mtu wa kuagwa.